Nimeombwa Kuwasha Mshumaa wa Matumaini, Nami Sina

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani, Mombasa. Naomba usitaje jina langu wala la mume wangu. Sababu utaiona huko mbele.

Mume wangu ni baharia, anafanya kazi chumba cha injini. Aliondoka Februari mwaka jana kwa mkataba wa miezi tisa. Wakala aliyempatia kazi hiyo alitutoza shilingi 120,000. Tukauza pikipiki na ng'ombe wawili wa baba mkwe, tukasema si kitu, zitarudi. Kweli mwanzoni zilianza kurudi, mshahara ukawa unaingia kila mwezi. Septemba haukuingia. Oktoba haukuingia. Meli ikatia nanga nje ya bandari moja ya Ghuba, wakaambiwa wangoje siku chache. Kisha mwenye meli akaacha kushika simu.

Tangu siku hiyo mume wangu yumo ndani ya meli iliyosimama. Nchi kavu anaiona, taa za mji anaziona usiku, lakini ruhusa ya kushuka hana. Walikuwa watu 11. Wanne walisafirishwa makwao. Saba wamebakizwa, kwa sababu wakuu wa bandari wanasema meli haiwezi kuachwa peke yake. Dizeli ya jenereta wanapata kwa kubahatisha, kuna wiki wanapika kwa mbao za kuvunjavunja juu ya sitaha. Simu yake hushika mtandao usiku tu, akipanda juu kabisa ya meli, kwa hiyo sauti anazonirekodia hunifikia saa nane, saa tisa za usiku. Mimi saa kumi niko macho kwa ajili ya mahamri ninayouza. Huisimamisha simu kwenye kopo la iliki, nikamsikiliza huku nakanda unga. Wiki iliyopita alianza kunisimulia jambo, akanyamaza. Nikasikia upepo peke yake, sekunde kama 40 hivi. Halafu akasema, "Haya mama, lala salama." Sauti hiyo nimeirudia sijui mara ngapi.

Mwaka jana wakati kama huu niliwaambia watoto baba anakuja Krismasi. Sikuwa nikidanganya, yeye ndiye aliyeniambia, naye aliambiwa na nahodha. Usiku wa tarehe 24 kitinda mimba wangu, ambaye sasa ana miaka sita, alikataa kulala chumbani. Alilala kwenye kochi na viatu miguuni, ili mlango ukigongwa awe wa kwanza. Asubuhi nilimvua viatu angali usingizini. Tangu hapo, kila tukienda ufukweni Mama Ngina jioni ya Jumapili, huzihesabu meli zilizotia nanga huko nje na kuuliza ipi ni ya baba. Juzi ameanza tena: "Mama, Krismasi bado siku ngapi? Baba anakuja hii?" Nikamwambia ndiyo. Limenitoka tu, Shangazi.

Sasa lililonifanya niandike. Jumuiya yetu ya kanisa imepangiwa kuwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, Jumapili ijayo, mbele ya kanisa zima. Mwenyekiti wetu alikuja nyumbani akaniambia wameamua familia yangu ndiyo iwashe, kwa kuwa mshumaa wa kwanza ni wa matumaini, "na wewe ndiwe unayengoja kuliko sisi sote." Alisema kwa upendo, najua. Alipoondoka nililia. Nitasimamaje pale? Matumaini mimi sina. Nina hasira. Ikisomwa "kesheni" nasema moyoni, mimi nimekesha miezi 14, nani mwingine basi akeshe? Na siwezi kuyasema haya. Mama mmoja wa jumuiya aliponisikia nikisema nimechoka, aliniambia ulimi wa shaka ndio huzuia baraka. Tangu siku hiyo nimefunga mdomo.

Mama mkwe, ambaye hana ubaya nami hata kidogo, anataka tuhamie kwake bara, twende Krismasi na tusirudi. Kodi nadaiwa miezi mitatu. Karo ya Januari ya mkubwa wangu sijui itatoka wapi. Mume wangu hayajui haya. Namwambia tuko sawa. Yeye naye ananiambia yuko sawa.

Na jambo la mwisho. Amenikataza kulalamika popote. Wakala amemwambia kwamba baharia anayeshtaki huandikwa jina, na hapandi meli tena maisha yake yote.

Niwashe mshumaa au nikatae? Na mtoto nimwambie nini?

Anayengoja, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu.

Utanivumilia nikianza na karatasi kabla ya mshumaa. Mumeo yuko hatarini, na kuna mambo ya kufanya wiki hii hii.

Hali yake ina jina katika sheria. Anaitwa baharia aliyetelekezwa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unasema baharia ametelekezwa ikiwa mwenye meli hamgharimii safari ya kurudi kwao, au amemwacha bila chakula na mahitaji ya lazima, au amekata uhusiano naye, ikiwa ni pamoja na kutomlipa mshahara kwa angalau miezi miwili. Moja tu kati ya hayo lingetosha. Mumeo anayo yote. Tangu Januari 2017, meli zinazobanwa na mkataba huo zinatakiwa ziwe na bima ya janga hilihili: hadi miezi minne ya mshahara uliokwama, chakula, maji ya kunywa, matibabu, mafuta ya kuwaweka hai melini, na nauli ya kumfikisha nyumbani. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe melini mahali mabaharia wanapokiona. Kina jina la mtoa bima na jinsi ya kumfikia. Meli yao ikiwa imesajiliwa nchi ambayo haijauridhia mkataba, njia itakuwa ndefu zaidi, lakini hilo halijulikani mpaka mtu aliulize.

Basi akupigie picha cheti hicho. Akupigie na mkataba wake wa kazi, akutajie bendera ya meli na nambari yake ya IMO, ile ya kuitambulisha meli, ya tarakimu 7. Vyote uvipeleke kwa Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, ambalo lina wakaguzi katika bandari nyingi duniani na Mombasa ni mojawapo. Vipeleke na kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, makao yake makuu yako hapa hapa mjini kwetu. Halafu piga hodi kwa Misheni ya Mabaharia. Wale ni Waanglikana, na Wakatoliki wana huduma yao, Stella Maris, lakini hakuna kati yao anayemuuliza baharia dini yake kabla ya kumsaidia. Wana wenzao katika bandari za nje, na mara nyingine hao ndio wanaopata kibali cha kuifikia meli wakiwa na maji na kadi za simu wakati ambapo kila mtu mwingine ameshindwa.

Vitisho vya wakala navyo nataka uvielewe vizuri. Mkataba huohuo unakataza orodha za kumzuia baharia asipate kazi. Unakataza pia baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, kwa hiyo zile 120,000 mlizouzia ng'ombe hazikupaswa kutoka mifukoni mwenu hata shilingi moja. Sikuapii kwamba hakuna wakala wa kulipiza kisasi. Wapo. Lakini huyu anayewataka mnyamaze ana lake la kuficha, na miezi 14 ya kunyamaza haijamletea mumeo hata dumu la dizeli. Mwambie jambo lingine pia: asitie sahihi karatasi yoyote ya kusema amelipwa, hata akiahidiwa tiketi ya ndege, kabla ITF haijaiona. Mshahara wa baharia ni deni linaloing'ang'ania meli yenyewe. Mahakama inaweza kuikamata meli na kuiuza, na mabaharia huwa miongoni mwa wa kwanza kulipwa. Akishuka leo kwa utaratibu, deni lake halishuki naye likapotea.

Haya. Sasa tukae.

Nilipokuwa mtoto, majahazi ya Ghuba na Uarabuni yalikuwa bado yanakuja kwa wingi Bandari ya Kale. Yalikuja na kaskazi, upepo huu huu unaoanza kuvuma sasa, yakaleta tende na mazulia. Kurudi hayakuweza mpaka kusi iingie, na kusi haiji kabla ya mwezi wa nne. Hapakuwa na mtu wa kuiharakisha, hata awe tajiri namna gani. Watu wa Ghuba wakingoja kwetu, mwanangu, kama wako anavyongoja kwao. Lakini hukuwakuta wamekaa wanatazama mbingu. Maji yakipwa walikilaza chombo ubavu juu ya mchanga, wakakikwangua, wakatia kalafati, wakasukuma pamba iliyoloa mafuta katika kila ufa kwa patasi na nyundo, tak tak tak mchana kutwa. Kisha wakachemsha deheni, shahamu na chokaa, wakaipaka kwa mikono mitupu mpaka tumbo la jahazi likawa jeupe. Harufu yake ilikuwa mbaya. Ninayo puani hadi leo. Na wengine walikaa kivulini wakishona tanga. Kusi ikiingia, chombo kilikuwa tayari kuipokea.

Nimelikumbuka hilo niliposoma barua yako, kwa sababu umeniandikia kwamba huna matumaini, halafu katika barua hiyo hiyo unaamka saa kumi. Unakanda unga. Unaisimamisha simu kwenye kopo ili sauti yake isikupite. Wewe unaita hiyo hasira na uchovu, na sikatai, vimo. Mimi naona pia mtu anayepaka deheni chombo ambacho upepo wake haujaja.

Umewahi kulisikiliza neno lenyewe, Majilio? Halikutoka kwenye kuja tu, limetoka kwenye kujilia. Mgeni anakuja, lakini mwenye nyumba anajiliwa. Kanisa halikusema Majio. Mwaka mzima tunahimizwa kwenda: nenda ukatubu, nenda ukahubiri, panda juu. Wiki hizi nne tunaambiwa kwamba Mungu ndiye anayetoka kwake kutujilia tulipo, na ukisoma vizuri, tulipo penyewe ni gizani. "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu," ndivyo alivyoandika Isaya. Nuru haikuwangoja watoke kwanza.

Kwa hiyo ule mshumaa. Kwanza ujue kwamba majina hayo, matumaini, amani, furaha, upendo, ni desturi nzuri ya watu, misale, kitabu cha sala za misa, haina habari nayo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayewasha wa kwanza awe amejaa matumaini. Na hebu ipige picha Jumapili yenyewe. Kuna mishumaa minne pale. Utawasha mmoja, na mitatu itabaki haina moto. Utarudi kwenye benchi na kanisa zima litakaa misa nzima likitazama duara ambalo sehemu kubwa yake haijawaka. Katika mwaka wote wa Kanisa sijui siku inayosema ukweli wa nyumba yako kuliko hiyo. Ningekuwa nakushauri kuhusu mshumaa wa nne labda ningesita. Huu wa kwanza, uwashe. Na midomo yako ikikataa sala ya furaha wakati ule, iko Zaburi ya 13 inayoanza hivi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Sema maneno mawili tu, hata lini. Hayo ni maneno ya sala, yamo ndani ya Biblia, na hakuna mtu wa kukukemea kwayo.

Na yule mama aliyekutisha kuhusu ulimi wa shaka, msamehe, maana nadhani alikuwa anaogopa. Huzuni ya mwenzetu ikikaa sana hututia hofu, tukatafuta kosa lake ili tujisadikishe kwamba sisi haitatupata. Lakini alichosema si kweli. Jumapili ya tatu ya Majilio padri huweza kuvaa rangi ya waridi, nayo huitwa Jumapili ya Furahini. Na katika mwaka wa kusoma Injili ya Mathayo, Kanisa limechagua nini kisomwe siku hiyo ya furaha? Yohana Mbatizaji akiwa gerezani. Yohana, aliyemwonyesha Yesu kwa kidole pale mtoni, sasa amefungiwa ndani, haoni dalili yoyote, anawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Swali gani la shaka kuliko hilo? Yesu hakumkaripia. Umati ulipobaki alimsifu, akasema miongoni mwa waliozaliwa na wanawake hakuna aliye mkuu kuliko yeye.

Sitakuficha kwamba Yohana hakutoka gerezani. Unalijua hilo, na kama ningelipita kimya ungeniona mwongo. Sijui mumeo atashuka lini. Naamini atashuka, kwa sababu mabaharia wengi waliotelekezwa hurudi kwao pale watu wa nchi kavu wanapopiga kelele za kutosha, lakini tarehe sina, na sitaki mtu yeyote akupe tarehe tena. Katika Yeremia kuna nabii mmoja, Hanania, aliyewaambia watu Yerusalemu kwamba uhamisho wa ndugu zao Babeli utakwisha katika miaka miwili. Walimpenda sana bila shaka. Yeremia yeye aliwaandikia wale waliohamishwa barua kwamba ni miaka 70, wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Ile ahadi ya mwaka jana ilikuwa ya Hanania, hata kama aliyeitoa alikuwa nahodha mwenye nia njema. Iliwavunja kwa sababu ilikuwa na tarehe ndani yake.

Ndiyo tufike kwa mwenye viatu.

Shada la Majilio unaloliona kanisani lilianza kwa swali la mtoto kama wako. Mwaka 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, mchungaji mmoja aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto wa mitaani na wa familia maskini. Kila siku walimsumbua: Krismasi bado siku ngapi? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Kila siku wakawasha mmoja. Watoto wakajionea wenyewe siku zinavyopungua. Lakini Wichern alikuwa na kitu ambacho wewe huna: Krismasi ina tarehe. Wewe ukimpa mwanao hesabu ya siku za kubakia, mwisho wake ni kochi lile lile.

Mkalishe umwambie hivi, kwa maneno yako: "Nilikuambia ndiyo, nikakosea. Sijui baba anakuja lini. Yeye mwenyewe hajui. Anataka kuja, sana, lakini mwenye meli amewaacha na hawawezi kushuka. Baba hakutuacha sisi." Hilo la mwisho lirudie hata mara tatu, maana mtoto wa miaka sita akikosa maelezo hujitafutia mwenyewe, na mara nyingi hujiona yeye ndiye kosa. Atalia. Kaa naye. Yule mkubwa naye awepo, pengine anajua zaidi ya unavyodhani na amekuwa akikulinda kama unavyomlinda.

Kisha mpe kazi, kama Wichern alivyowapa wake. Turudi kwa Yohana kidogo. Yesu aliwajibu wale wajumbe: "Nendeni mkamweleze Yohana mnayoyasikia na kuyaona." Mfungwa hakupelekewa ufunguo, alipelekewa habari. Watu wenye macho na masikio walirudi wakamweleza kinachoendelea huko asikoweza kufika. Basi mwanao na awe mjumbe. Kila jioni ya Majilio, mshumaa wa nyumbani ukishawashwa, achukue simu yako amrekodie baba jambo moja alilosikia na moja aliloona siku hiyo. Kwamba feri ilipiga honi mara mbili. Kwamba paka wa jirani amezaa chini ya ngazi. Kwamba Mama Ngina leo kulikuwa na meli tano nje na moja ikaingia ikiongozwa na rubani. Hizo meli anazozihesabu zitapata maana, atakuwa anazihesabu kwa ajili ya mtu. Na yule aliyepanda juu ya meli usiku akanyamaza sekunde 40 atapata kitu cha kusikiliza kisichokuwa "tuko sawa."

Maana hilo nalo liishe, mwanangu. Mwambie kodi inadaiwa. Mwambie karo haipo. Unadhani unampunguzia mzigo, lakini mwanamume aliyekwama anayeambiwa kwamba nyumbani hakuna kinachopungua huanza kujiuliza kama bado ana kazi yoyote duniani. Na ukifungua mlango wewe, huenda na yeye akakuambia lile aliloanza kulisema. Usimlazimishe. Ila usimwache alale na upepo peke yake.

Kuhusu bara, nenda. Krismasi kwa bibi, na kuku, na binamu, hamtamsaliti mtu kwa kula pilau. Ila Januari rudi, angalau mpaka faili la mumeo liwe limefunguliwa na kuna anayelishughulikia. Ofisi unazozihitaji ziko Mombasa, wateja wako wa mahamri wako Mombasa, na mama mkwe akielewa kwamba unarudi kumpigania mwanawe, sidhani kama atakuzuia. Ikitokea baadaye kwamba kodi imekushinda kabisa, kuhama nako si kukata tamaa, chombo huhamishwa ufuo kikazidi kutengenezwa. Mwenye nyumba mwone kabla hamjasafiri, usimngoje aje yeye. Na mwenyekiti wa jumuiya, yule aliyekuja na upendo wake mpaka mlangoni kwako, mwambie lote. Alikuja kukupa mshumaa kwa sababu hakujua kuna deni la miezi mitatu. Jumuiya inayotaka uwashe moto mbele yao inaweza pia kuchanga.

Jumapili mbebe yule mdogo umpeleke nawe mbele. Shika mkono wake juu ya kiberiti, njiti ya kwanza ikizimwa na feni za kanisa washeni ya pili, hakuna anayewaharakisha. Jioni hiyo rekodi ya kwanza ya baba iwe hiyo: nani aliwasha, na mishumaa mingapi imebaki. Halafu kabla hujaituma, ongeza sauti yako mwishoni umwombe apige picha ile karatasi ya ukutani, na nambari ya meli, usiku huo huo, mtandao ungali upo.

Shangazi